Hewa Iliyofungiwa Kati ya Vioo

Tarehe 1 Agosti 1865, miezi mitatu na ushei baada ya Rais Abraham Lincoln kupigwa risasi, serikali ya Marekani ilimpa Thomas D. Stetson wa New York hataza namba 49,167. Alichobuni hata mtoto angeweza kukichora: vioo viwili vimewekwa sambamba, katikati ya kingo zake kumepitishwa kijiti chembamba cha mti au uzi, kisha kingo zote zikagandishwa zisipitishe hewa. Vioo viwili vinakuwa kitu kimoja, na ndani yake imefungiwa hewa isiyo na pa kwenda. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, kwa hiyo nyumba yenye dirisha la aina hiyo ingetunza moto wake wakati wa baridi.

Wazo lilikuwa sahihi. Dirisha linalofungwa leo katika jengo jipya la Oslo au Toronto linafuata mchoro uleule. Hata hivyo, zaidi ya miaka 60 ilipita kabla ya mtu yeyote kulifanya bidhaa ya kiwandani, na sababu haikuwa kioo wala hewa. Sababu ilikuwa ule ukingo.

Watu wa nchi za baridi hawakuhitaji hataza kuwaambia kwamba dirisha la kioo kimoja hula kuni. Vienna na Berlin walijenga madirisha ya kasha: fremu mbili, moja ya nje na moja ya ndani, nafasi ya upana wa kiganja kati yake, kila moja na bawaba zake. Marekani, familia zilipachika dirisha la pili kwa nje msimu wa baridi ulipokaribia, zikalibandua theluji ilipoyeyuka. Urusi ndiko kulikokuwa na utaratibu unaonivutia zaidi. Vuli ilipoingia, fremu ya pili ilirudishwa mahali pake, nyufa zikazibwa kwa pamba na kubandikwa vipande vya karatasi, na kati ya fremu hizo mbili ikawekwa bilauri ya chumvi au ya tindikali ya salfa. Bilauri hiyo haikuwa pambo. Kazi yake ilikuwa kunyonya unyevu, kioo kisipate ukungu wala barafu kwa ndani. Kwa maoni yangu, mama mwenye nyumba wa Moscow aliyeweka ile bilauri alilielewa tatizo vizuri kuliko hataza ya Stetson.

Dirisha la fremu mbili hufunguka. Ukungu ukiingia, unachukua kitambaa na kufuta. La Stetson halifunguki kamwe, na linapumua hata kama hutaki lipumue. Jua likilipiga, hewa ya ndani inatanuka na kuvisukuma vioo kwa nje. Usiku inanywea na kuvivuta kwa ndani. Kila siku ukingo unasukumwa na kuvutwa hivyo, na juu ya hayo kioo na mti havitanuki kwa kiasi kimoja. Gundi inakauka, inapata ufa usioonekana kwa macho. Usiku ufa huo unavuta hewa yenye mvuke, mchana hewa inatoka lakini sehemu ya maji inabaki. Baada ya misimu michache dirisha limegeuka rangi ya maziwa, na hakuna mkono unaoweza kuingia kulifuta.

Aliyelirudia jambo hili kwa bidii alikuwa Mmarekani Charles D. Haven, mnamo mwaka 1930. Kazi yake ikaishia mikononi mwa Libbey-Owens-Ford, kampuni kubwa ya vioo ya Toledo, Ohio, ambayo ililiuza dirisha hilo kwa jina la Thermopane. Jibu lao kwa tatizo la ukingo lilikuwa kuachana na mti na gundi. Kingo za vioo zilipakwa tabaka jembamba la metali, kisha ukanda wa risasi ukalehemiwa juu yake, kama fundi anavyolehemu bomba. Risasi ni laini, hupinda bila kupasuka, na mvuke haupiti ndani ya metali. Kazi ilikuwa ya taratibu na ghali, lakini kwa mara ya kwanza hewa kavu iliweza kufungiwa ikabaki kavu kwa miaka.

Bidhaa ikapatikana, mnunuzi alitafutwa kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1933, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, msanifu majengo George Fred Keck alijenga nyumba ya pembe 12 yenye kuta za kioo, akaiita Nyumba ya Kesho. Ujenzi ulipokuwa ukiendelea katikati ya baridi kali ya Illinois, alikuta mafundi wakifanya kazi ndani wamevaa mashati tu, makoti wameyavua, na kipasha joto kilikuwa bado hakijafungwa. Jua ndilo lililokuwa likiwapasha. Kiangazi kilipofika nyumba hiyohiyo iligeuka tanuri, na mitambo ya kuipoza ikashindwa. Keck alichukua mafunzo yote mawili. Nyumba alizosanifu baadaye zilitazama kusini, zikiwa na paa lililochomoza kiasi cha kulizuia jua la kiangazi, ambalo hupita juu, na kuliruhusu la baridi, ambalo hupita chini. Nyumba aliyomjengea Howard Sloan huko Glenview mwaka 1940 iliandikwa na gazeti la Chicago Tribune kuwa nyumba ya jua, na jina likashika.

Mapato ya mchana, hata hivyo, yaliliwa usiku. Ukuta wa kioo kimoja unaokusanya joto saa sita mchana unalimwaga nje saa sita usiku. Hapo Thermopane ilipata soko lake, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoleta upungufu wa mafuta, soko likapanuka. Mwaka 1947 Libbey-Owens-Ford ilidhamini kitabu kizima cha michoro ya nyumba za jua, zilizosanifiwa na wasanifu kutoka majimbo yote ya Marekani.

Kisha watu wakasahau. Nadhani sehemu hii ya historia haielezwi vya kutosha, kwa sababu tumezoea kuuona uvumbuzi kama ngazi inayopandwa tu. Baada ya vita mafuta yalikuwa rahisi mno, viyoyozi vikaenea, na minara mashuhuri ya New York, kuanzia Lever House ya mwaka 1952, ilivikwa kioo kimoja chembamba kilichofungwa moja kwa moja, hakifunguki. Joto likipotea, linaongezwa, likizidi, linapozwa. Bili ililipwa bila manung'uniko. Teknolojia ya kuzuia hasara hiyo ilikuwepo sokoni, imeshajaribiwa, na wenye majengo waliipita kama hawakuiona.

Katika miaka hiyohiyo ya starehe, Uingereza ilikuwa inatengeneza kitu ambacho kingefanya vioo vingi viwezekane. Kioo cha dirisha ni mchanga, magadi soda na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Soda ya Ziwa Magadi nchini Kenya imesafirishwa kupitia Mombasa kwenda viwanda vya nje kwa kazi hiyo tangu zama za ukoloni. Tatizo lilikuwa kukinyoosha. Kioo cha bei nafuu kilivutwa juu kutoka tanurini kikiwa laini, kikatoka na mawimbi. Kilicho bora kilimwagwa, kikasagwa na kung'arishwa pande zote mbili, gharama yake ikawa kubwa. Ukipanga vioo viwili vyenye mawimbi, mtu anayepita nje anaonekana amepinda mara mbili.

Mwaka 1952 Alastair Pilkington, mhandisi wa kampuni ya Pilkington ya St Helens ambaye jina lake lilifanana na la wenye kampuni bila yeye kuwa wa familia yao ya karibu, alipendekeza kioo kilichoyeyuka kielee juu ya bati lililoyeyuka. Uso wa metali iliyoyeyuka ni tambarare wenyewe, na kioo kinacholala juu yake kinakuwa tambarare pande zote bila kusagwa. Kwenye karatasi ilionekana rahisi. Mtambo mkubwa ulipowashwa, ulitoa kioo kisichouzika kwa miezi 14 mfululizo, tani baada ya tani, na kila mwezi mhandisi huyo aliingia kwenye kikao cha bodi kuomba fedha zaidi. Bodi iliendelea kutoa. Januari 1959 kampuni ikautangazia ulimwengu mafanikio yake, kwa gharama ya takriban pauni milioni 7, na viwanda vya nchi nyingine vikaanza kununua leseni. Kiwanda cha vioo bapa kilichofunguliwa Mkuranga, mkoani Pwani nchini Tanzania, mwaka 2023 kinatumia njia hiyohiyo.

Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazozalisha mafuta ziliweka vikwazo kwa Marekani na washirika wake, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda karibu mara nne. Huko Berkeley, California, mwanafizikia Arthur Rosenfeld, mwanafunzi wa zamani wa Enrico Fermi ambaye maisha yake yote ya kazi hadi wakati huo yalikuwa ya chembe ndogo za atomu, alikuwa anajiandaa kutoka ofisini Ijumaa usiku moja ya Novemba. Kesho yake kungekuwa na foleni ya petroli. Akaamua kuzima taa za ofisi zote za ghorofa yake. Kazi haikuwa rahisi kama alivyodhani: swichi nyingi zilikuwa zimefichwa nyuma ya makabati ya mafaili, rafu za vitabu na mabango. Hakuna aliyekuwa amezigusa kwa miaka. Rosenfeld aliacha fizikia ya chembe na kuhamia kwenye mambo ya umeme na majengo, na hakurudi.

Kiangazi cha mwaka 1974 wanafizikia walikutana Princeton kuchunguza nishati inavyotumika, na dirisha likawekwa mezani kama swali la fizikia. Baadaye Rosenfeld alizoea kulinganisha nishati inayovuja madirishani mwa Marekani na mafuta yanayopita katika bomba la Alaska. Mwaka 1976 maabara ya Berkeley ikaanzisha utafiti wa madirisha, na jina lililodumu nao kwa miongo ni la Stephen Selkowitz.

Walichokiona pale kilikuwa kigeni kwa wauza vioo wengi. Joto huvuka dirisha kwa njia tatu: kwa kupita ndani ya vitu, kwa hewa inayozunguka, na kwa mionzi. Stetson na wote waliomfuata walipambana na njia mbili za kwanza. Lakini katika dirisha la vioo viwili la kawaida, takriban theluthi mbili ya joto linalovuka nafasi ya kati linavuka kwa mionzi, na mionzi haijali hewa imetulia au haikutulia. Kioo ambacho machoni petu ni angavu, kwa mionzi ya joto ni sawa na ukuta mweusi: kioo cha ndani kinapokea joto la chumba, kinaangaza asilimia 84 ya kiwango cha juu kabisa kinachowezekana, na kioo cha nje kinaipokea karibu yote na kuitupa barabarani. Unaweza kuongeza upana wa nafasi mpaka uchoke. Ukizidi milimita 16 hivi hewa inaanza kuzunguka yenyewe, na faida inasimama.

Dawa ilikuwa fedha, ile metali ya vidani. Tabaka lake la unene wa nanomita 10 hivi, matabaka milioni moja yakilundikwa yafike sentimita moja, linaupitisha mwanga lakini linairudisha mionzi ya joto ilikotoka. Likibanwa kati ya oksidi za metali nyingine halionekani kama kioo cha kujitazamia; unatazama nje usijue kuna kitu. Kile kiwango cha asilimia 84 kinashuka chini ya 5. Na fedha ina udhaifu mmoja unaofahamika na kila mwenye mkufu: ikipata unyevu na hewa chafu inaharibika. Haiwezi kukaa juu ya dirisha la kioo kimoja hata mwaka. Mahali pekee inapodumu ni ndani ya nafasi kavu iliyozibwa kila upande, na nafasi hiyo ndiyo ambayo watu wa Toledo walikuwa wamejifunza kuitengeneza.

Kampuni kubwa za vioo hazikuwa na haraka. Fedha za serikali zikaelekezwa kwa kampuni changa, na mojawapo, Suntek ya California, ambayo baadaye ilikuja kuwa Southwall, ilipaka tabaka hilo kwenye utando wa plastiki uliotandazwa kati ya vioo viwili. Bidhaa yake, Heat Mirror, iliingia sokoni mwaka 1981. Wakubwa walipoona inauzika, wakanunua mitambo ya ombwe inayomimina fedha moja kwa moja juu ya kioo, chembe kwa chembe. Kisha hewa ya kati ikabadilishwa kwa gesi ya argoni, ambayo hupitisha joto kama theluthi mbili ya hewa na si adimu hata kidogo: karibu asilimia 1 ya hewa unayovuta sasa hivi ni argoni. Kioo kimoja hupoteza karibu wati 5.8 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Viwili vyenye hewa, 2.8. Viwili vyenye fedha na argoni, 1.1.

Ukingo nao ulibadilika kimyakimya. Risasi iliondoka. Mahali pake pakaja mwimo wa aluminiamu wenye tundu ndani, uliojazwa chembechembe zinazonyonya unyevu, kazi ileile ya bilauri ya Moscow. Juu yake utepe wa mpira wa butili wa kuzuia mvuke, na nje kabisa gundi ngumu ya kushika vioo visiachane. Fundi aliyevunja dirisha la ofisi amewahi kuziona chembe hizo zikimwagika sakafuni kama shanga. Aluminiamu yenyewe ikaja kulaumiwa, kwa kuwa inapitisha joto upesi na kuufanya ukingo kuwa sehemu baridi kuliko zote, na nyingi zimebadilishwa kwa plastiki au chuma chembamba kisichoshika kutu.

Sweden, ambako kanuni za ujenzi za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilifanya vioo vitatu kuwa jambo la kawaida, ilitoa nusu ya hatua iliyofuata. Ujerumani ikatoa nusu nyingine. Bo Adamson wa Chuo Kikuu cha Lund na mwanafizikia Wolfgang Feist walijiuliza kama nyumba inaweza kuishi bila mfumo wa kawaida wa kupasha joto. Nyumba nne zilizoungana zilijengwa Kranichstein, kitongoji cha Darmstadt, na familia zikahamia mwaka 1991, ya Feist ikiwemo. Vioo vilikuwa vitatu, na gesi ya kriptoni kati yake. Fremu zinazolingana na vioo hivyo hazikuwepo sokoni, zikavikwa povu la kuhifadhi joto kwa mkono, moja moja. Katika dirisha kama hilo uso wa ndani wa kioo unabaki karibu na joto la chumba, kwa hiyo hakuna haja ya kuweka kipasha joto chini ya dirisha, desturi ambayo Ulaya yote iliifuata kwa karne nzima bila kuihoji.

Kwa majengo yaliyokwisha kusimama, kazi ninayoistahi kuliko zote ilifanyika Empire State Building. Mnara huo una madirisha 6,514, na wamiliki walipotangaza ukarabati mwaka 2009, njia iliyotarajiwa ilikuwa kuyatupa na kununua mapya. Badala yake kikafunguliwa kiwanda kidogo ghorofa ya 5 ya jengo lenyewe. Usiku madirisha yaliteremshwa, vioo vikatenganishwa na kuoshwa, katikati pakatandazwa utando wenye tabaka la kuzuia mionzi, gesi ikajazwa, ukingo ukazibwa upya, dirisha likarudi lilikotoka. Zaidi ya asilimia 95 ya kioo cha zamani kilitumika tena. Faida kubwa ilionekana kwenye chumba cha mashine: joto la jua lilipopungua, mitambo ya kupoza ambayo ingelazimika kubadilishwa kwa mikubwa zaidi ilikarabatiwa tu ikaachwa pale ilipo.

Hilo la mwisho ndilo linaloihusu pwani yetu. Muuzaji wa Dar es Salaam anayesifia vioo viwili kwa takwimu za Ulaya anasema kweli isiyomsaidia mteja. Darmstadt, Januari, tofauti kati ya ndani na nje hufika nyuzi 30. Dar mchana wa Februari, nje 32 na ndani 24, ni 8 tu. Adui hapa ni jua lenyewe, hasa la asubuhi na la alasiri linalopiga kuta za mashariki na magharibi, na kioo cha pili kisicho na kitu kinalipunguza kidogo mno. Kinachosaidia ni tabaka la fedha la aina inayozuia joto la jua, likiwa limewekwa upande wa ndani wa kioo cha nje. Likifungwa kinyumenyume, kazi yake inapungua. Na kabla ya hilo, kivuli: majengo ya Dar ya miaka ya 1950 na 1960, yakiwemo ya Anthony Almeida, yaliweka vizuia jua vya zege nje ya dirisha, na joto lililozuiwa nje halihitaji kiyoyozi.

Kuna wazo jingine lililosubiri muda mrefu. James Dewar alitengeneza chupa yake ya kuta mbili zenye ombwe katikati mwaka 1892, na mwaka 1913 Mjerumani aitwaye Zoller aliomba hataza ya dirisha la namna hiyo. Chupa ni ya mviringo, inajihimili. Dirisha ni bapa, na ukiondoa hewa ndani, angahewa inalikandamiza kwa uzito wa karibu tani 10 kwa kila mita ya mraba. Haikuwezekana hadi mwaka 1989, Richard Collins na Stephen Robinson wa Chuo Kikuu cha Sydney walipofaulu kupanga vinguzo vidogo kuliko punje ya mchanga kati ya vioo na kuziba kingo kwa kioo maalumu kinachoyeyuka mapema. Nippon Sheet Glass ya Japani ilianza kuliuza mwaka 1997. Unene wake wote ni kama milimita 6, kwa hiyo linaingia katika fremu ya nyumba ya karne ya 18 ambayo wahifadhi wa majengo hawaruhusu iguswe.

Kuuziba ukingo huo kulidai joto la zaidi ya nyuzi 400, linaloondoa ugumu wa kioo kilichoimarishwa na kuziharibu baadhi ya tabaka za fedha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ulster, Ireland ya Kaskazini, walijaribu indiamu, metali laini inayoyeyuka kwenye nyuzi 157 tu. Ilishika kioo vizuri na ombwe likabaki. Lakini indiamu haivumilii unyevu, ikabidi nje yake pazungushiwe ukingo wa pili, wa gundi.